Jumamosi ya Mwalimu Ugenini

Mkataba hauna utata. Msaidizi wa kufundisha lugha anayekwenda Marekani chini ya mpango wa Fulbright hufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki, kwa mwaka mmoja wa masomo, yaani miezi tisa hivi. Katika muda huohuo anasoma kozi zake kila muhula. Toa vipindi, toa usahihishaji, toa kozi, toa usingizi. Katika zile saa 168 za wiki bado linabaki fungu kubwa ambalo hakuna anayemwandaa kukabiliana nalo. Semina za mwanzo humfundisha kuandaa somo, kutoa alama na kujibu barua pepe za wanafunzi kwa adabu inayotakiwa. Hazimwambii afanye nini Jumamosi ya Novemba, saa kumi na nusu jioni, jua limekwisha kuzama na simu haijalia tangu asubuhi.

Mimi nilipangiwa Madison, mji mkuu wa jimbo la Wisconsin. Vijana wanaojaza fomu za maombi wakinifuata kuuliza ugumu uko wapi, wanatarajia niseme baridi, au ubaguzi, au Kiingereza cha puani. Baridi ina dawa yake, na dawa hiyo inauzwa kwa bei nafuu kwenye maduka ya mitumba, maana hata Wamarekani wanavaa mitumba, tena yao wenyewe. Mengine nayo yapo, sitayakana. Lakini kilichonisumbua kuliko vyote ni kupumzika. Kwetu mtu hafundishwi kupumzika, na mimi ilibidi nijifunze nikiwa mtu mzima, mbele ya watu.

Darasa lilikuwa sehemu nyepesi. Chuo Kikuu cha Wisconsin kilianzisha idara yake ya lugha na fasihi za Kiafrika mwaka 1964, ya kwanza ya aina yake nchini Marekani, kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili akifika pale hafiki kama kioja. Anakuta rafu za vitabu, anakuta kile kitabu cha Thomas Hinnebusch na Sarah Mirza kilicholea vizazi vya wanafunzi wa Kimarekani, na anakuta wanafunzi wanaojua walichofuata. Mmoja anataka kwenda Tanzania kutafiti sokwe. Mwingine ni binti wa Wakenya aliyezaliwa hukohuko. Anaelewa kila neno mama yake anapomgombeza, ila hawezi kumjibu. Wa tatu ana sharti la lugha ya kigeni la kutimiza kabla ya kuhitimu, na alichagua Kiswahili kwa sababu alisikia hakina nomino za kike na za kiume kama Kijerumani. Alipofika kwenye ngeli alinitazama kwa jicho la mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, lakini muda wa kubadilisha kozi ulikuwa umepita.

Kipindi kikiisha wote wanatoweka. Si kwamba wanakukimbia. Mmoja ana mazoezi ya kupiga makasia, mwingine ana zamu kwenye mkahawa, wa tatu ana miadi na mshauri wake wa masomo. Wanaaga kwa bashasha, wanasema tutaonana, na kweli mnaonana kesho yake saa ileile, chumba kilekile.

Mwenzangu mmoja wa ofisini, mtu mwema sana, alinialika kwake chakula cha jioni. Mwaliko ulikuja wiki mbili kabla. Ulitaja siku, saa ya kufika na saa ya kuondoka. Uliuliza kama kuna chakula nisichokula, kisha ukaniomba nije na saladi, kwa kuwa kila mgeni angekuja na sahani yake. Kwetu ukimwalika mtu kisha ukamwambia aje na chakula, habari hiyo itafika kwa wakwe kabla wali haujaiva. Nilikwenda, nikala vizuri, nikacheka sana, na saa tatu kasoro dakika chache nikaona wageni wote wanainuka kama abiria waliosikia honi ya meli. Mwenyeji hakumkawiza mtu hata kwa heshima ya mdomo. Saa tatu na robo nilikuwa kituo cha basi, nimeshiba na nimekaribishwa, nikitafuta neno la kueleza nilichokikosa.

Nilikuja kulipata baadaye. Mtu wa Tanga, wa Lamu au wa Ng'ambo ya Unguja hapangi kukutana na watu. Anatoka nje. Saa kumi na moja kahawa iko kwenye dele, bao limewekwa, redio ya mtu fulani inasema jambo ambalo kila mmoja ana hakika kwamba ni la uongo, na atakayepita atapita. Wengine hawapendani hata kidogo, lakini wamekaa ubavu kwa ubavu. Anayedhani upweke wa mwalimu ugenini ni kukosa watu anakosea. Watu wamejaa, tena wanakutabasamia. Anachokikosa ni mtu ambaye hakupangwa.

Kwa hiyo nilianza kutafuta mahali ambapo mtu anaweza kuwapo tu. Mwezi wa tisa, mahali hapo palikuwa nyuma ya jengo la umoja wa wanafunzi, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1928 ukingoni mwa Ziwa Mendota. Wenyeji wanapaita Terrace. Ni ngazi pana za mawe zinazoshuka hadi majini, zimejaa meza na viti vya chuma ambavyo migongo yao imekatwa kwa umbo la jua linalochomoza, vingine vya njano, vingine vya rangi ya chungwa, vingine vya kijani. Viti hivyo ndivyo alama ya mji. Utaviona kwenye fulana, kwenye vikombe, hata kwenye soksi. Jioni kuna muziki usio na kiingilio. Wazee wanakunywa bia, watoto wanalamba aiskrimu inayotengenezwa na kiwanda cha maziwa cha chuo chenyewe, wanafunzi wanajifanya wanasoma. Mashua za tanga zinakatiza ziwani. Ukikosa kiti unaomba cha meza ya jirani, na kutoka hapo, ukiwa na bahati, mazungumzo yanaanza.

Nilihamishia hapo meza yetu ya Kiswahili, ile saa moja ya kila wiki ambapo wanafunzi wanakuja kuzungumza bila kitabu wala alama. Ukumbini walikuwa wakijibu sentensi mojamoja kama mashahidi mahakamani. Pale nje, wakiwa na kitu cha kushika mkononi na cha kutazama, ndimi zililegea. Yule wa sokwe alitunga kisa kizima kuhusu bata waliokuwa wakidowea bisi zetu, ngeli zikiwa zimevurugika kabisa, na sikumkatiza.

Asubuhi za Jumamosi zilikuwa za soko. Tangu mwaka 1972, kuanzia Aprili hadi Novemba, wakulima huzunguka jengo la bunge la jimbo na meza zao, na sharti kuu ni kwamba anayeuza awe amezalisha mwenyewe, humohumo Wisconsin. Hakuna wachuuzi. Wanunuzi wote wanazunguka upande mmoja, kinyume cha mishale ya saa, bila askari kuwaelekeza. Ukienda upande mwingine utapishana na nyuso za mji mzima na hakuna atakayekuambia kitu, watakutazama tu kwa huruma. Wisconsin ni nchi ya jibini, na kuna vipande vibichi vya jibini ya siku hiyohiyo ambavyo ukivitafuna vinalia chini ya meno. Nilivinunua mara ya kwanza kwa ajili ya sauti ile. Ladha nilikuja kuizoea polepole.

Lakini meza nilizozitafuta mimi ni za Wahmong, watu waliotoka milima ya Laos baada ya vita vya Vietnam, ambao sasa ni miongoni mwa wakulima wakubwa wa mboga wa soko lile. Kwa bibi mmoja nilikuta kitu ambacho hakikuwa katika duka kubwa lolote la mji: majani ya maboga, machanga, na vikonyo vyake. Nilipoyashika alinitazama kwa mashaka, kama muuzaji anayejua kwamba mteja wa namna hii kwa kawaida anauliza tu. Kisha akachukua shina moja, akalivunja karibu na jani, akavuta ule uzi wa juu hadi ukatoka mzima na kuniachia shina jororo. Alitaka kujua kama ninajua. Nikachukua la kwangu nikalimenya vilevile, jinsi mama alivyonifundisha nikiwa nimekaa kwenye kibao cha mbuzi jikoni. Alicheka, akaniongezea fungu. Kiingereza chake kilikuwa kidogo na changu hakikuwa na jina la mboga ile. Kuanzia hapo kila Jumamosi alinitengea.

Jikoni, kwa wanaopanga kwenda, mambo si mabaya. Sukuma wiki ipo, maana watu wa Kusini mwa Marekani wanaipenda, ila majani yake ni makubwa kuliko ya kwetu. Iliki, tangawizi na binzari viko kwenye maduka ya Wahindi. Jihadharini na unga wa Wameksiko: ni wa mahindi kweli, lakini mahindi yake yamechemshwa kwanza na chokaa, na ugali wake unatoka na harufu ya chapati. Tafuteni unga mweupe wa kawaida.

Jumamosi nyingine za msimu wa vuli si za soko, ni za mpira, na mpira wenyewe unachezwa kwa mikono. Uwanja wa Camp Randall unachukua zaidi ya watu 75,000, karibu wote wamevaa nyekundu, na tangu asubuhi mitaa yote ya jirani inanuka soseji za kuchoma kwa sababu watu wamewasha majiko mbele ya nyumba zao. Kanuni za mchezo sikuzielewa na sioni aibu. Nilichokielewa ni kile kinachotokea kabla ya robo ya mwisho: tangu mwaka 1998 hupigwa wimbo mmoja wa kurukaruka, na uwanja mzima unaruka, wanafunzi, maprofesa, vikongwe, hadi zege linatetemeka chini ya nyayo. Nilimwona profesa wa takwimu ambaye ofisini hajawahi kumaliza salamu akiruka na miwani imeshikwa mkononi. Ndipo nilipotambua kwamba watu hawa nao wana kiu ya kuwa pamoja bila miadi, ila wanaitimiza kwa mkupuo.

Kisha baiskeli. Madison ni mji wa baiskeli. Zina njia zake, taa zake, na kuna mzunguko wa kama kilomita 20 kulizunguka Ziwa Monona ambao familia huuendesha Jumapili kwa raha tu. Nilinunua iliyotumika, nikapiga picha nimeiegemea, nikaituma nyumbani. Jioni mjomba akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa pole. Aliniuliza kama mshahara umechelewa. Nilimweleza kwamba mkuu wangu wa idara naye anaendesha baiskeli, tena kofia yake ina kioo cha pembeni. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, mambo ni ya kupita, vumilia."

Simu za nyumbani nazo zina hesabu yake. Wakati wa kiangazi Madison iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa nane. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani wanarudisha saa zao nyuma, na tofauti inakuwa saa tisa. Mwalimu anapomaliza siku yake, mama amelala usingizi wa pili. Dirisha pekee ni asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, ambapo nyumbani ni saa kumi alasiri na wote wapo, tena na majirani. Nilikuwa nikiweka simu kwenye kikaango kilichogeuzwa, nikichemsha chai, nikisikiliza watu wakigombana kuhusu maji ya bomba kana kwamba nimekaa nao. Mama hakupata kuikubali ile habari ya kurudisha saa. Alinishuku kwamba nimeanza kuchelewa kuamka.

Novemba ndiyo inayowapima watu. Alhamisi ya nne ya mwezi huo ni sikukuu ya kutoa shukrani, na Jumatano yake mchana mji wa chuo unamwagika: mabasi ya Chicago na Milwaukee yanajaa, mabweni yanakuwa matupu, mikahawa inafungwa. Karibu kila mwalimu wa kigeni hualikwa mahali kula bata mzinga, na ni jambo zuri. Lakini sikukuu ni Alhamisi tu. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili hakuna kitu. Nilizunguka State Street, ile barabara ya kama kilomita moja inayounganisha chuo na bunge, na nilikuwa peke yangu na taa za trafiki.

Viza ya wageni wa namna yetu hairuhusu kibarua cha pembeni bila idhini, kwa hiyo hata njia ya kawaida ya mhamiaji ya kuua muda, yaani kufanya kazi mpaka uanguke, hatukuwa nayo. Nililalamika hivyo siku moja kwa dada mmoja wa Kisii, muuguzi, tuliyejuana kwenye duka la vyakula. Alikuwa ametoka zamu ya usiku na anakwenda kulala saa chache aingie nyingine. Aliniangalia toka kichwani hadi viatuni. "Wewe una shida ya kupumzika? Kuja uchukue zamu yangu." Tukacheka, lakini alikuwa na haki. Waafrika Mashariki wengi walio Marekani hawajui hata kama mji wao una ziwa. Wanajua barabara ya kwenda kazini, kanisa au msikiti, na msiba wa kuchangia. Mwalimu wa miezi tisa ni mgeni wa daraja la juu: ana chumba, ana posho, ana muda. Ni vizuri akalijua hilo kabla ya kufungua mdomo. Ni vizuri pia akamwalika muuguzi chai, maana mimi nilifanya hivyo, akaja na watoto, na sebule yangu kwa mara ya kwanza ikawa na kelele.

Desemba ziwa lilianza kuganda. Watu wa Madison wameandika tarehe za kuganda na kuyeyuka kwa Mendota tangu miaka ya 1850, na kumbukumbu hizo zinaonyesha kwamba msimu wa barafu umekuwa ukifupika. Kwa kawaida ziwa hufunga kabisa kuelekea mwisho wa Desemba. Kwa wiki kadhaa nililitazama kupitia dirisha la basi kama mtu anayeangalia mali ya mwingine. Kisha nikaona vitu vyeusi vidogo katikati yake, na nilipoelewa kwamba ni watu wameketi, nilishuka kituo kilichofuata.

Kutembea juu ya maji ni jambo ambalo mtu aliyezaliwa pwani mwili wake unalikataa hata akili ikikubali. Nilifuata nyayo za wengine. Mzee wa kwanza niliyemfikia alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwenye upepo, mbele yake tundu la upana wa sahani. Alikuwa na keekee ndefu ya kutoboa barafu, fimbo fupi kama ya kuchezea watoto, na kijiko chenye matundu cha kuondolea vipande vinavyoganda upya. Ndani ya tundu ungeona unene wa barafu, kama shubiri moja, rangi yake ya buluu iliyofifia, na chini yake maji meusi kabisa. Wenyeji husema inchi nne zinatosha kumbeba mtu. Nilizipima kwa macho nikasimama kwa uzito mdogo niliouweza.

Hakuniuliza ninatoka wapi. Alisema, "Leo hawali," akimaanisha samaki. Nikasema kwetu wasipokula tunasema mwezi ni mbovu. Akalifikiria. Akasema inawezekana. Baada ya hapo hakuna aliyesema kitu kwa muda, na ukimya huo haukuwa na miadi ndani yake. Akapita mwingine na mbwa, akauliza kama wanakula, akaambiwa hawali, akasimama. Akaja wa tatu na chupa ya kahawa. Chini yetu barafu ikatoa mlio mzito uliosafiri kutoka ufuko mmoja hadi mwingine, nami nikaruka. Wote watatu wakacheka, na mzee akaeleza kwamba barafu inajinyoosha tu. Wakaanza kubishana kuhusu mwaka ambao lori la mtu lilizama. Kila mmoja alikuwa na mwaka wake. Hakuna aliyekubali. Nilijua nimefika.

Nilirudi mara nyingi, na hakuna aliyenitumia mwaliko. Nilipata kuvua samaki wadogo wa manjano wenye michirizi, ambao mzee alinionyesha kuwapasua na mimi nikamwonyesha kuwatia ndimu, chumvi na pilipili kabla ya kuwakaanga. Mke wake, niliambiwa, hakuafiki pilipili.

Kuna jambo moja ambalo lile ziwa lilinipumzisha nalo, na ni kutokuwa mwalimu. Anayefundisha lugha yake nje hana saa ya kutoka kazini. Kwenye basi, kwenye sherehe, kwa daktari wa meno, yeye ni Afrika. Anaulizwa kuhusu simba akiwa na mswaki mdomoni. Wengi wanauliza kwa nia njema, na posho inatolewa kwa sehemu kwa ajili hiyohiyo: Seneta J. William Fulbright, ambaye sheria yake ilipita mwaka 1946, alitaka watu wa mataifa wajuane. Lakini kujulikana mchana kutwa kunachosha.

Na hili si geni kwa walimu wa Kiswahili. Berlin ilikuwa na Seminari ya Lugha za Mashariki tangu mwaka 1887, na walimu waliletwa kutoka pwani yetu kuwasomesha Wajerumani waliojiandaa kuja kutawala. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha pale miaka ya 1890. Baada yake, mwaka 1900, akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari kutoka Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Darasani alikuwa bingwa. Ukisoma desturi zile leo bado unasikia sauti ya mtu anayejua anachokisema. Nje ya darasa mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata akaacha kazi ya seminari. Walipojaribu kwenda kuishi pamoja Afrika Mashariki, serikali ya kikoloni haikumtaka Mwafrika mwenye mke Mzungu katika koloni lake, wakarudi Ujerumani. Alifanya kazi tena ya lugha Hamburg, na alifariki Berlin mwaka 1927. Nilisoma habari zake kwenye maktaba ya chuo usiku mmoja wa Januari, na nilijiuliza mambo ambayo vitabu vile havikuyaandika: Jumapili alikwenda wapi? Alipata wapi kahawa aliyoizoea? Nani alikaa naye bila kumwuliza habari za kwao?

Leo Kiswahili kinafundishwa Seoul, Osaka, Beijing, Leipzig, Napoli, Paris na London, na kote huko yuko mtu wetu, au aliwahi kuwapo. Said Ahmed Mohamed alifundisha Osaka kabla ya Bayreuth; Abdilatif Abdalla alikaa Leipzig miaka mingi. Tunawasoma kwa riwaya na mashairi yao. Ningependa siku moja mtu awaulize habari za Jumamosi zao.

Ziwa lilifunguka mwishoni mwa Machi, ndani ya siku chache tu, kwa sauti ya vioo vinavyogongana. Viti vya jua vikarudishwa Terrace. Meza ya Kiswahili ikaongezeka watu, miongoni mwao wawili ambao hawakuwa wamejiandikisha kozi yoyote ya Kiswahili. Walipita tu, wakaketi. Sikuwaomba barua pepe zao.

Yule mwanafunzi aliyelalamikia ngeli alipata ufadhili wa kiangazi kwenda Unguja. Wiki ya pili akaniandikia, kwa Kiswahili, barua ya malalamiko. Familia aliyofikia ni nzuri mno, alisema, lakini hana nafasi ya kusoma. Anakaa na daftari lake barazani, anakuja mtu. Anamaliza yule, anakuja mwingine. Watoto wanamfuata. Babu wa nyumba ya pili amemfundisha bao na sasa anamngoja kila alasiri. Hakuna anayesema anakuja, na hakuna anayesema anaondoka. Mtihani ni Ijumaa na bado hajakariri vitenzi. "Mwalimu," aliuliza, "watu hawa wanapumzika saa ngapi?"

Nilimjibu afunge daftari, aende kwa babu, na akishindwa bao aulize ni kwa nini.